Siku robine inapokauka
Mazungumzo ya muuguzi na wakaaji wa kartye za Uvira, mbele ya mvua kuanza

Ninyi ambao mulisikia maneno haya kwa kinywa mutayasoma tena hapa kwa utulivu. Ninyi ambao hamukufika, muombe mutoto anayesoma awasomee polepole, na wakati wa kusoma mutu asikie mpaka mwisho mbele ya kuuliza.

Tuko katika miezi ya jua. Vumbi ni nyingi, mitaro imekauka, na muto unaweza kuuvuka kwa miguu. Kwa hiyo watu wengi wanasema: «Mambo ya mvua tutayaangalia wakati mvua itakuja.» Sisi wa hospitali tunawaambia: wakati wa kuangalia mambo ya mvua ni sasa. Mvua ikianza katika Septemba au Oktoba haitamungojea mutu amalize kuchimba mutaro. Na kolera haitamungojea mutu atafute sukari na chumvi saa nane za usiku.

1. Tukumbuke yale yaliyopita

Munajua namna muji wetu ulivyokaa. Upande mumoja kuko milima mirefu, upande mwingine kuko Ziwa Tanganyika, na sisi tumejibana katikati kama vitabu ndani ya sanduku. Mvua ikinyesha huko juu milimani, maji yote yanatafuta njia ya kushuka ziwani, na njia hiyo inapita katikati ya nyumba zetu. Muto Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira: yote ni mifupi na mikali. Hapa chini inaweza kuwa hakuna mvua hata kidogo, na muto unafika umejaa mawe na matope.

Usiku wa tarehe 16 kwenda 17 Aprili 2020 hatuwezi kuusahau. Mulongwe na mito mingine ilitoka katika njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na mabomba ya maji yakaharibika. Watu waliookoka maji mengi wakabaki bila maji ya kunywa. Neno hili mulishike vizuri, tutalirudia.

Halafu ziwa lenyewe lilipanda. Katika mwaka wa 2021, na tena katika 2024, maji yaliingia ndani ya nyumba za watu wa kandokando ya ziwa, yakajaza vyoo na visima. Wengine walisema ziwa limekasirika. Tufahamu sababu yake: Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi sana, lakini lina mulango mumoja tu wa kutokea, ni muto Lukuga kule Kalemie. Mvua zikizidi miaka inayofuatana, maji yanaingia kwa wingi na yanatoka kidogo kidogo. Kila mwaka ziwa linakuwa juu zaidi karibu na mwisho wa mvua, Aprili na Mei. Mutu anayetaka kujenga apime kwa maji ya Mei, asipime kwa maji ya Oktoba.

2. Kolera inapita njia gani

Kolera, wengine wanaiita kipindupindu, inatoka kwa mikrobi inayokaa ndani ya mavi ya mutu. Mikrobi hiyo ikiingia katika maji, katika chakula au juu ya mikono, na mutu mwingine akaimeza, basi imepata nyumba mpya. Toka siku mutu anapoimeza mpaka ugonjwa uonekane zinaweza kupita saa chache tu, ao siku 5.

Neno moja watu wengi hawalijui. Wengi wanaomeza mikrobi hawaugui sana. Mwingine anahara kidogo, mwingine hasikii hata kitu kimoja. Lakini mavi yao yanabeba mikrobi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usiseme: «Kwetu hakuna mugonjwa, choo chetu hakiwezi kuleta hatari.» Choo chako kikifurika, kinafurika kwa jirani. Choo cha jirani kikifurika, kinakuja kwako. Katika avenyu moja hakuna mutu ambaye anaweza kujikinga peke yake.

3. Siku robine inapokauka

Sasa tufike kwenye neno kubwa la mazungumzo haya.

Watafiti walichukua hesabu za Uvira toka mwaka wa 2009 mpaka 2014. Kwa upande mumoja walitazama vitabu vya wagonjwa walioingia mahali pa kutunzia kolera. Kwa upande mwingine walitazama maji ambayo kiwanda cha Regideso kilitoa kila siku. Walilinganisha hesabu hizo mbili, na habari yake ikatoka katika 2015. Waliona hivi: siku robine inapokosa maji kabisa, wagonjwa wanaoingia katika siku 12 zinazofuata wanapita mara mbili ya wale wanaoingia wakati maji yanatoka vizuri.

Mufikiri maana yake. Siku robine inakauka, mama anafanya nini? Ana watoto sita, bidoni ni tupu, na giza linaingia. Anachukua bidoni anashuka ziwani, ao anaenda mutoni. Anateka maji pale ambapo mwingine anafua, mwingine anaoga, na mutaro wa vyoo unaingia. Anafika nyumbani akiwa amechoka, makaa ni ya bei, na watoto wana kiu. Wanakunywa vile vile. Siku mbili, siku tatu, kartye inaanza kusikia: kwa fulani kuko mugonjwa.

Hatumulaumu mama huyu. Alifanya alivyoweza. Lakini tunaona kwamba hatari haikuanza siku ya mugonjwa wa kwanza. Ilianza siku ile robine ilikauka. Na robine inaweza kukauka kwa sababu nyingi: umeme unakatika na pampu zinasimama, mvua kubwa inaleta matope mengi mutoni, bomba linavunjika. Hizo si kazi ambazo wewe na mimi tunaweza kutengeneza kwa mikono yetu. Kazi yetu ni hii: nyumba isikutwe na bidoni tupu.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba iwe na akiba ya maji ya kunywa ya siku 3. Jamaa ya watu 7 inahitaji karibu bidoni moja ya litri 20 kwa siku kwa kunywa tu. Basi ni bidoni 3. Bidoni hizi si za kufulia wala za kuogea. Muziandike alama, hata kwa kamba nyekundu kwenye mukono wa bidoni, ili mutoto asizichukue kwa kazi nyingine. Mukitumia moja, mujaze tena siku ile ile robine inapotoa maji.

Nyumba ambayo haina bidoni tatu ianze na moja. Bidoni moja yenye maji mazuri inaweza kuwazuia watoto wasiende ziwani usiku wa kwanza, na mara nyingi asubuhi robine inarudi.

4. Namna ya kusafisha maji na kuyalinda

Maji meupe si maji safi. Mikrobi haionekani kwa macho. Kuko njia tatu, kila mutu achague ile anayoweza.

Njia ya moto. Chemusha maji mpaka yatokote kweli, mapovu makubwa yapande, yaendelee hivyo dakika moja nzima. Halafu yaache yapoe ndani ya chombo kile kile kilichofunikwa. Usiyapoze kwa kuchanganya na maji ya baridi ambayo hayakuchemushwa; ukifanya hivyo, makaa yako yamepotea bure.

Njia ya klori. Kama maji yana matope, uyaache yatulie kwanza, halafu uyachuje kwa kitambaa safi. Klori inachoka bure katika matope. Kisha tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti ya vidonge ao juu ya chupa, funika, na ungoje dakika 30. Tuangalie sana javeli ya sokoni: nguvu yake si moja, na nyingine imechanganywa na maji ao na manukato. Ile yenye manukato ni ya kusafisha nyumba, si ya kunywa. Kama hujui kipimo, uulize kwenye kituo cha afya; usipime kwa kubahatisha.

Njia ya jua. Kama huna makaa wala klori, chukua chupa za plastiki zinazopitisha mwangaza, zisizo na rangi, zisizozidi litri 2. Uzijaze maji yasiyo na matope, uzifunge, na uzilaze juu ya bati toka asubuhi. Jua likiwaka vizuri, saa 6 zinatosha. Mawingu yakiwa mengi, uziache siku 2 nzima.

Maji yakiisha kusafishwa yanaweza kuchafuka tena kwa kikombe kimoja. Ndani ya ndoo wazi, mutoto anatia kikombe, mukono wake unagusa maji, na kazi yote imeharibika. Kwa hiyo yawekwe ndani ya bidoni yenye mudomo mwembamba na kifuniko, na mutu amimine, asichote. Bidoni yenyewe ioshwe ndani kwa sabuni na muchanga safi kila juma, maana majani yanashika ndani yake.

Kuhusu mikono: sabuni na maji mbele ya kupika, mbele ya kula, mbele ya kumulisha mutoto, nyuma ya choo, na nyuma ya kumusafisha mutoto. Sabuni ikikosekana, jivu la makaa linasaidia. Kunawa pamoja ndani ya beseni moja, mukubwa kwanza na watoto nyuma, ni desturi ya heshima lakini ni desturi ya hatari. Mutu mumoja amimine maji, wengine wanawe chini ya maji yanayotiririka.

5. Salongo ya mbele ya mvua

Tunajua neno salongo linawakumbusha wazee siku nyingine, wakati watu walisukumwa kufanya kazi. Hapa hatusemi juu ya kusukumwa. Tunasema juu ya avenyu ambayo wakaaji wake wanakaa pamoja na kupanga Jumamosi mbili ao tatu mbele ya mvua. Kazi ni hizi:

Kwanza, mitaro. Mutoe muchanga, mifuko ya plastiki na takataka. Lakini yale munayotoa musiyaache kandokando, maana mvua ya kwanza itayarudisha ndani. Tena, musisukume takataka zenu kwenye mutaro wa avenyu ya chini. Maji hayajui mupaka wa avenyu.

Pili, vyoo. Choo kiwe mbali na kisima, angalau metri 30, na kiwe upande wa chini ya kisima kama udongo umeinama. Kwa wale wa karibu na ziwa kuko taabu nyingine: ukichimba metri moja ao mbili unakuta maji. Choo cha namna hiyo kinaingiza mavi ndani ya maji ya visima vya kartye nzima. Huko inafaa kuinua choo: usichimbe sana, ujenge kuta za shimo juu ya udongo kwa mawe na simenti, na watu wapande ngazi. Ni gharama, ndiyo. Jamaa mbili ao tatu zinaweza kujenga kimoja pamoja. Kila choo kiwe na kifuniko, na udongo ulio kando yake uinuliwe ili maji ya mvua yasiingie.

Tatu, choo cha watoto. Watu wengi wanafikiri mavi ya mutoto mudogo hayana ubaya. Yana mikrobi kama ya mukubwa. Yatupwe chooni, si katika mutaro.

Ine, nyumba zenye wazee, vilema na wanawake wanaokaribia kuzaa. Muandike majina yao kwenye daftari ya avenyu. Siku muto unafurika, kijana gani atamubeba muzee yule? Tupange sasa, na kijana mwenyewe ajue.

6. Mugonjwa akipatikana nyumbani

Alama za kolera ni hizi: mutu anahara maji mengi mara nyingi, meupe kama maji yaliyooshea muchele, mara nyingi bila maumivu makali ya tumbo. Anatapika. Baada ya saa chache macho yanaingia ndani, kinywa kinakauka, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, mikono inakuwa baridi, misuli ya miguu inamukamata, mukojo unakosekana. Mugonjwa wa kolera kali anaweza kupoteza hata litri moja ya maji kwa saa moja. Mutu mwenye nguvu aliyekula bugali mchana anaweza kufa mbele ya jua kutoka.

Lakini musiogope kama watu wasio na tumaini. Wagonjwa wanaotunzwa mapema na vizuri, hata katika 100 hafi mumoja. Wale wa kolera kali wasiotunzwa, karibu nusu wanaweza kufa. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni maji: yale yaliyotoka yarudishwe, na yarudishwe saa ile ile.

Kama muna pakiti ya serumu ya kunywa, ile inayoitwa SRO, mutie pakiti nzima ndani ya litri 1 ya maji safi. Musigawanye pakiti, musiongeze sukari. Iliyobaki baada ya saa 24 mumwage, mutengeneze nyingine.

Kama hakuna pakiti, mutengeneze hivi: litri 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe juu kwa kisu, visijae mulima. Chumvi ikizidi inaweza kumuumiza mutoto. Muonje: isiwe na chumvi kupita machozi. Na mupime litri kweli. Chupa kubwa ya bia haifiki litri moja, musiitumie kama kipimo.

Namna ya kumunywesha: mutoto aliye chini ya miaka 2, robo mpaka nusu ya kikombe kila mara anapohara. Mutoto wa miaka 2 mpaka 10, nusu mpaka kikombe kizima. Mukubwa anywe kadiri anavyoweza. Mutoto mudogo umupe kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika, ungoje dakika 10, halafu uanze tena polepole zaidi. Usiseme: «Anatapika, basi tuache.» Hata akitapika, sehemu kubwa inabaki ndani. Mutoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mutoto anayeweza kula ale.

Na wakati munamunywesha, mumupeleke. Serumu ya nyumbani ni ya njiani, si ya kubaki nayo nyumbani mpaka asubuhi. Mumubebe na chupa yake, anywe juu ya baiskeli, anywe juu ya pikipiki. Kule kituoni ataendelea na serumu, na aliyezidiwa atatiwa serumu ya mushipa. Watoto wanapewa pia vidonge vya zinki: nusu kidonge, ni kusema miligramu 10, kwa aliye chini ya miezi 6, na kidonge kizima cha miligramu 20 kwa aliyepita hapo, kila siku kwa siku 10 mpaka 14. Mama wengi wanaacha siku ya tatu kwa sababu mutoto amepona. Mumalizie.

Nguo na shuka za mugonjwa zisifuliwe mutoni wala ziwani. Mavi na matapishi yaingie chooni na javeli juu yake. Mugonjwa akikufa nyumbani, muite watu wa kituo cha afya mbele ya kumuosha. Na mutu aliyegusa maiti asiingie jikoni kupikia wafiwa. Tunajua neno hili ni gumu. Watu wanakuja kulia pamoja nasi, na tunataka warudi kwao wazima.

7. «Amelishwa sumu»

Tuseme neno hili waziwazi, maana linaua watu wengi katika Kivu. Mutu analala muzima; usiku anaanza kutapika na kuhara. Asubuhi jamaa inakaa na kuulizana: alikula kwa nani? Nani anamuchukia? Wanataja jina la jirani. Wanaenda kutafuta mutu wa kumutapisha sumu, anamupa majani ya kutapisha, wengine wanamupiga lavema. Mutu ambaye mwili wake umekwisha kukauka anatolewa maji mengine tena. Saa nne, saa tano zimepita. Wanapomuleta kwetu, mushipa wa kutia serumu hauonekani.

Hatukuja kubishana nanyi kama watu wenye chuki wako ao hawako. Tunasema jambo moja tu: kuhara maji na kutapika kwa ghafula, katika wakati wa mvua, katika muji huu, ni kolera mpaka vipimo vionyeshe kingine. Mumunyweshe, mumupeleke. Maneno ya jamaa yanaweza kungoja siku mbili, mugonjwa hawezi. Na mara nyingi, yule jirani aliyeshutakiwa, siku ya tatu naye anabebwa na ugonjwa ule ule, kwa sababu munateka maji pamoja.

Vilevile musinunue vidonge vya kufunga tumbo kwa wauza dawa wa njiani. Kufunga tumbo hakurudishi maji.

8. Wengine wanauliza juu ya chanjo

Katika mwaka wa 2020 watu wengi wa Uvira walipewa chanjo ya kunywa ya kolera. Wengine wanasema: «Mimi nilikunywa chanjo, nimemaliza.» Uchunguzi uliofanywa baadaye hapa Uvira ulionyesha kwamba hata dozi moja ilipunguza kolera ya kupeleka mutu hospitali karibu nusu, na ililinda hivyo zaidi ya mwaka mumoja. Nusu ni kitu kikubwa, ni watu wengi ambao hawakuugua. Lakini nusu nyingine inabaki, na nguvu ya chanjo inapungua pamoja na miaka. Chanjo ikitangazwa tena, muende, na watoto wa mwaka 1 na zaidi. Na bidoni zenu muziendelee kuzilinda.

9. Muto ukifurika usiku

Mafuriko ya 2020 yalikuja usiku, watu wamelala. Kwa wale wanaokaa karibu na muto: mvua ikinyesha sana milimani, mutu mumoja wa avenyu akeshe, kwa zamu. Ukisikia muto unanguruma, mawe yanagongana, ao ukiona maji yamegeuka ghafula kuwa matope mazito, piga kelele, piga sufuria, watu wapande. Usirudi kuchukua godoro. Usivuke maji yanayokimbia, hata yakiwa ya magoti. Chini yake kuko mawe na mashimo ambayo hayakuwa jana.

Karatasi za watoto, kadi ya chanjo, dawa za mugonjwa wa sukari ao za kifua kikuu, ziwe tayari ndani ya mufuko mumoja wa plastiki karibu na mulango. Mutu anayekunywa dawa kila siku asikubali maji kumukatishia dawa; aende kituo cha afya kilicho karibu na mahali alipokimbilia, aseme.

Maji yakitoka, chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe. Kisima kilichofunikwa na maji hayo kisitumiwe mpaka kitolewe maji na kitiwe klori na watu wanaojua kazi.

10. Na mbu

Mvua inaleta mbu pia. Chandarua ni cha watu, si cha kuvulia ndagala wala cha kuzungushia kuku. Watoto wa chini ya miaka 5 na wanawake wenye mimba walale ndani yake kila usiku, hata siku ya joto. Mutoto akiwa na moto mwilini, mumupeleke siku hiyo ao siku inayofuata, apimwe damu kwa kidole, halafu apewe dawa inayofaa, na mumalizie dozi. Si kila homa ni malaria, na si kila kidonge cha sokoni ni dawa.

Maswali ya kuzungumza katika avenyu

Baada ya kusoma, mukae pamoja, wanaume na wanawake, na mujibu:

Leo jioni robine ikikauka, nyumba ngapi za avenyu yetu zina maji safi ya kunywa ya kesho?

Ni nani kati yetu ana sukari, chumvi ao pakiti za SRO, na tunaweza kumugongea mulango usiku?

Ni nani ana baiskeli ao pikipiki ya kubeba mugonjwa, na tutamupa nini cha mafuta?

Choo gani kitafurika kwanza mvua ikija, na tutakitengeneza Jumamosi gani?

Majibu muyaandike kwenye daftari, na daftari ibaki kwa mutu ambaye nyumba yake inajulikana na wote. Kama kuko swali ambalo hamuwezi kujibu, mutume watu wawili kituo cha afya. Wanafunzi wa shule ya uuguzi wako tayari kuja katika avenyu kuonyesha namna ya kutengeneza serumu na kupima klori. Muwaite mbele ya mvua, wakati njia bado ni kavu.